Kokoto za Upande wa Msitu

Leonor alikuwa hajamaliza hata kahawa yake alipoona lami kwenye tairi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limeshafika uani. Alikuwa ameipindua baiskeli yake magurudumu juu, anausafisha mnyororo kwa kitambaa, na mkate wake wenye mafuta ya zeituni na nyanya ulikuwa bado mezani na alama moja ya meno. Tairi la nyuma lilikuwa na madoa meusi, na ndani ya madoa hayo punje za kokoto zilikuwa zimeganda. Alizichokonoa kwa ukucha, akijiuliza amezitoa wapi. Jibu lilipomjia, kitambaa kilimdondoka.

Alhamisi alikuwa amepanda njia ya msitu. Mafundi wa barabara walikuwa wametoka kumwaga lami na kokoto kwenye viraka, kama wanavyofanya kila baridi inapoisha, na kuanzia darajani mpaka kona ya kikanisa barabara nzima ilikuwa kokoto tupu zisizoshikana. Kwa anayepanda si neno. Unakwenda mwendo wa kobe, vijiwe vinarukaruka kidogo chini ya tairi, unawalaani mafundi, unapita na kusahau. Leonor alipita akasahau. Na jana jioni, kwa kinywa chake mwenyewe, alimwambia mdogo wake ateremkie huko huko.

Mzunguko ule kila mwenye baiskeli Navarrubia anaujua. Unapanda kwa upande wa msitu, unapumua kileleni, unateremka kwa upande wa malisho. Baba zetu waliuendesha hivyo na hakuna aliyewahi kuugeuza. Lakini mwaka huu mzee Macario, mchungaji, ameleta mbwa wapya wa kulinda kondoo wasiliwe na mbwamwitu, majibwa yenye vichwa kama vya ndama, na malisho hayana ua. Ukiwakuta unapanda, unashuka, unaiweka baiskeli katikati yako na wao, unatembea huku unawasemesha kwa upole mpaka uwapite. Ukiwakuta unateremka kasi, mmoja akiingia mbele ya gurudumu, hakuna tena wa kumsemesha. Leonor alikuwa amewawaza mbwa wale wiki nzima. Aliwawaza mpaka hakubakiwa na nafasi ya kuwaza kitu kingine.

"Kesho geuza njia," alimwambia Gaspar wakati wa chakula. "Panda kwa Macario, teremkia msituni."

"Dada, wewe utaniogopea hata nikipanda ngazi."

"Ngazi hazina mbwa."

"Haya, nageuza. Ukitaka napanda kinyumenyume kabisa."

Ndivyo alivyo Gaspar, hana jambo asilolifanyia mzaha. Mama yao alipofariki alikuwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wa Leonor. Sasa ni mwanamume mzima mwenye ndevu, na katika chama chetu cha baiskeli hakuna anayemfikia kwenye mteremko. Anateremka kifua kimelala juu ya usukani, kona anaikata kama anakata jibini. Dada yake chama kimempa jina la Leonor wa Breki. Kupanda anawashinda wanaume wengi, lakini akianza kushuka vidole vyake havitoki kwenye breki mpaka aone mlango wa nyumba yake. Wanamcheka, naye amezoea.

Alipiga simu ya Gaspar. Haikupatikana, na alijua haitapatikana, kwa sababu kule juu hakuna mtandao mahali popote isipokuwa kwenye malisho na pale darajani. Akampigia Macario.

"Mzee Macario, Gaspar amepita hapo?"

"Zamani. Kashuka kwenye baiskeli kama mtoto wa shule, akawaamkia mbwa wangu mmoja mmoja. Mwanao ana adabu siku hizi. Kuna nini?"

"Zamani ya kiasi gani?"

"Kondoo walikuwa hawajanywa. Sasa wamekunywa na wamelala."

Leonor alikata simu bila kuaga. Tobías, mumewe, alikuwa amekwenda mjini na gari. Jirani pekee upande ule ni bi Práxedes, naye hana gari, ana mbuzi wawili na redio. Leonor alimpigia kelele juu ya ukuta kwamba msituni kuna kokoto, kwamba Gaspar anateremka huko, kwamba mtu yeyote mwenye gari akipita atumwe juu.

"Vaa kofia yako, mwanangu," alisema bi Práxedes, na kwa kweli Leonor alikuwa anaondoka kichwa wazi.

Alipanda kama hajawahi kupanda. Hesabu ilikuwa moja tu: azivuke kokoto kabla Gaspar hajazifikia, asimame upande wa juu barabarani, ampungie mikono. Akichelewa kidogo, atamkuta chini. Neno hilo, atamkuta, lilimwingia kichwani na likakataa kutoka. Kila pigo la pedali lilikuwa linalirudia.

Baada ya daraja zikaanza. Zilikuwa nyingi kuliko alivyozikumbuka, nene kandokando ya barabara na nene zaidi kwenye kona, na jua lilikuwa linazing'arisha kama maji. Gurudumu la mbele liliteleza hata kwa mwendo ule wa kupanda. Alijaribu kujenga picha ya mtu anayeingia hapo kifua kikiwa juu ya usukani, akaiacha picha hiyo njiani, haikuwa ya kutazama.

Kila kona alichungulia bondeni. Upande ule hakuna kingo za chuma, kuna vichaka vya maua ya njano tu, halafu mawe, halafu mto chini kabisa. Kona ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Kwenye kona ya kikanisa vichaka vilikuwa vimevunjika. Vilikuwa vimelalia upande wa bonde, vibichi, maua yake hayajanyauka.

Leonor alisimama. 

"Gaspar!"

Msitu ulimrudishia jina lile lile, dogo zaidi. Alisogea mpaka ukingoni, akainama, akaona mawe na kivuli. Hakuona rangi nyekundu ya fulana ya Gaspar. Akajiambia kwamba ni nguruwe mwitu, kwamba nguruwe wanavunja vichaka kila usiku. Alijiambia hivyo kwa sauti, akapanda tena baiskeli, kwa sababu kama Gaspar alikuwa bado yuko juu, kila dakika ya kutazama vichaka ilikuwa ya kumuua.

Juu ya kona, mahali lami inapoanza kuwa safi, akajiweka katikati ya barabara. Palikuwa pazuri. Mtu angemwona kutoka mbali na angekuwa na nafasi ya kufunga breki. Akangoja.

Upepo ulipopita kwenye misonobari ulivuma sawasawa na magurudumu yanayokuja. Kila mara aliinua mikono. Kila mara ilikuwa ni upepo. Aliendelea kungoja mpaka jasho likampoa mgongoni na meno yakaanza kugongana, kisha akaanza kupanda kuelekea kileleni, polepole, akisikiliza.

Kileleni hapakuwa na mtu. Palikuwa na benchi la jiwe, na juu ya benchi ganda la chungwa. Akaligusa. Lilikuwa bado na unyevu. Gaspar amekula chungwa kileleni tangu akiwa na meno ya utoto, na siku zote huacha ganda pale pale, na siku zote Leonor humgombeza.

Pembeni ya benchi mafundi walikuwa wamesimamisha kibao cha pembetatu, chenye picha ya gari na mawe yanayoruka. Leonor alikitazama na hakikumpa nafuu hata kidogo. Gaspar hajawahi kukitii kibao tangu azaliwe. Ukimwandikia kwamba hapa ni hatari, atafika mapema zaidi. Basi alikuwa amefika hapa, amekula chungwa lake, ameteremka. Yeye Leonor amepanda barabara hiyo hiyo na hawakukutana. Na vichaka vilikuwa vimevunjika.

Kwa hiyo alikuwa amempita. Alikuwa amesimama ukingoni akatazama chini, akasema nguruwe, akaondoka, na mtoto aliyemlea alikuwa amelala pale chini akisikia jina lake likiitwa. Akaitoa simu mfukoni. Haikuonyesha mtandao wowote. Kupata msaada lazima afike darajani, na kufika darajani lazima ateremke.

Akapanda baiskeli na kwa mara ya kwanza maishani hakuzigusa breki.

Hofu yake ya miteremko ilikuwa ipo, haikwenda popote, ila kulikuwa na hofu nyingine kubwa iliyokuwa imeikalia juu. Misonobari ilipita kama ukuta. Machozi yalimtoka yakakimbilia masikioni. Aliikata kona moja, akaikata nyingine, akilia na kusema maneno ambayo hata mwenyewe hakuyasikia, sala au matusi. Hakuna mtu wa chama aliyewahi kumwona Leonor wa Breki akienda vile, na laiti wangemwona wasingecheka. Alikuwa anaiwaza kona ya kikanisa, vile vichaka, na namna atakavyoshuka mle maweni kwa mikono yake. Kokoto hakuziwaza. Asubuhi nzima hakuwa na kingine kichwani, na sasa zilikuwa zimemtoka kabisa.

Gurudumu la mbele liliondoka chini yake kama zulia lililovutwa.

Alipopata fahamu alikuwa amelala ubavu, mdomo umejaa vumbi, na mkono wa kulia haukuwa wake tena. Kofia ilikuwa imepasuka. Alikuwa ameishia ukingoni kabisa, uso umeelekea vile vichaka vilivyovunjika, na kutoka hapo chini aliona ambacho hakukiona akiwa amesimama: alama za magurudumu mapana mawilimawili, zimeingia vichakani na kutoka tena. Lori la mafundi lilikuwa limerudi nyuma hapo kugeuza. Ni hilo tu lililokuwa limepita mle.

Alijaribu kufurahi, akashindwa. Kama hayuko bondeni, yuko wapi? Akafumba macho.

Akasikia mtu anapanda kutoka chini. Pumzi nzito, mnyororo, vijiwe vikirukaruka. Kisha baiskeli ikatupwa.

"Dada. Usijisogeze. Usijisogeze, nakuomba."

"Umetoka wapi?"

"Nyumbani. Bi Práxedes kaniambia umekuja huku kunitafuta."

"Ulikuwa kileleni. Nimeona ganda."

"Nilikuwa. Nikaona kibao, nikarudi kwa Macario. Nimetembea malisho yote kwa miguu. Mbwa wamenishangaa, mara ya pili asubuhi moja."

"Wewe hujawahi kurudi nyuma."

 Gaspar alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, anamtoa vijiwe shavuni kimoja kimoja.

"Nikianguka, simu inapigwa kwako," alisema. "Siku zote ni kwako. Nilisimama pale juu nikaona utakavyoipokea, nikashindwa kuteremka. Ni miezi sasa naogopa, dada. Sijakuambia tu, maana ungeanza kuniogopea kwa sababu naogopa."

Leonor alitaka kucheka, na kilichotoka kilikuwa kilio. Alikuwa amemlea, amempikia, amemwogopea miaka yote hiyo, na alikuwa na uhakika kwamba anamjua. Kibao kilikuwa pale kileleni, ganda lilikuwa pale, na haikumpitia akilini hata mara moja kwamba mtoto huyu angeweza kuogopa.

Chini, karibu na daraja, injini ya gari ilikuwa inapanda. Ilikuwa inakuja kwa haraka, kama wanavyokuja watu walioitwa.

"Nenda ukalisimamishe kabla halijafika hapa konani," alisema Leonor. "Kwa miguu. Usipande baiskeli."

Gaspar alisimama. Hakufanya mzaha wowote. Alianza kuteremka pembeni ya barabara, mguu mmoja baada ya mwingine, mikono imeinuliwa, naye Leonor akalala pale akisikiliza hatua zake kwenye kokoto mpaka gari likapunguza mwendo.