Mwano wa Didia

Mwalimu Scolastika alikuwa na darubini ya kujitengenezea, bomba la maji la plastiki lenye kioo ndani. Usiku huo wa Novemba alikuwa ameisimamisha majarubani, kwenye mashamba ya mpunga, nje kidogo ya kijiji cha Didia. Saa tatu, galaksi aliyoitafuta wiki nzima ikaingia kwenye kioo, imelala ubavu, ndefu na nyembamba kama chapati unapoitazama pembeni. Mwanga wake ulikuwa safarini miaka zaidi ya milioni kumi. Scolastika akacheka peke yake. Anayecheka peke yake gizani anajitafutia balaa, lakini mzaliwa wa Ngokolo mjini, tena mwalimu wa fizikia, utamwambia nini?

Ramani ya nyota aliisoma kwa tochi aliyoifunga kitambaa chekundu, maana mwanga mweupe huyaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena.

Ndipo yowe likapigwa. Nyumba moja ililianza, ya pili ikalipokea, filimbi za sungusungu zikafuata. Ulikuwa mwano, wito wa hatari. Siku ya kwanza tu alipopanga Didia, mwenye nyumba alimwonya: ukisikia mwano unatoka mbio, na asiyetoka ana lake jambo. Basi akaiacha darubini, akakimbilia kelele kama mwanakijiji mwema.

Aliwakuta njiani, watu kama arobaini wenye marungu na pinde, akaingia katikati yao.

"Kuna nini?" alimwuliza Generosa, muuza maandazi wa shuleni, aliyekuwa akikimbia kando yake.

"Mchawi, mwalimu! Yuko majarubani. Ana jicho moja, jekundu, linawaka na kuzimika!"

Alikuwa akikimbia na watu wanaomsaka yeye mwenyewe. Alitaka kubaki nyuma, lakini wa nyuma walimsukuma mbele, na kila hatua aliiogopa kuliko ile iliyotangulia.

Walipofika, Mageni, mkuu wa sungusungu, aliinua rungu juu ya darubini.

"Baba Limi, shikamoo!" Scolastika alipaza sauti. Limi, binti wa Mageni, alikuwa mwanafunzi wake wa kidato cha pili. "Ni yangu hiyo. Natazamia nyota. Tazama mwenyewe."

Watu wakamzunguka. Mmoja akauliza kiberiti kiko wapi.

Scolastika aliisogeza darubini mpaka galaksi ikarudi. Mara mbili ilimponyoka. Mageni akainama.

"Sioni kitu."

"Usiikodolee. Tazama pembeni yake kidogo."

Mageni akasogeza jicho. Kisha pumzi ikamkatika, na vidole vyake vikalikamata bomba. Ameiona! Furaha ya ualimu ilimpanda Scolastika kifuani, ikafia hapo hapo, kwa kuwa watu arobaini walikuwa wakisubiri kuambiwa mna nini ndani ya bomba la mwanamke huyu.

"Mkuu, umeona nini?"

Mageni alijiinua polepole, akafuta jicho.

"Hamna kitu. Bomba tupu. Mwalimu anachezea vioo vyake. Rudini mkalale."

Waliondoka wakinung'unika, wengine wakigeuka nyuma. Mageni alibaki mpaka hatua zao zikapotea. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kumzidi Scolastika.

"Mayu, mama yangu, na Limi umemwonyesha?"

"Bado. Nilipanga kesho."

"Usimwonyeshe. Wakimwuliza, yule hajui kusema uongo."