Teksi ya Dereva Yaogeshwa

Mtaa mzima walimwita Dereva, hata mkewe. Aliendesha teksi tangu ujana wake, mpaka asubuhi moja kiharusi kilipomwangusha mlangoni pa nyumba yake. Alirudi kutoka hospitali na mkono wa kulia uliolegea na ulimi mzito. Maneno yalimtoka nusu nusu. Watu walipoanza kumkamilishia sentensi, akaamua kufunga mdomo kabisa. Kutwa alikaa dirishani, na teksi ikabaki uani chini ya turubai.

Jumapili moja binti yake, msusi mwenye saluni barabara ya pili, alikuja na ndoo, brashi na sabuni. Kesho yake mnunuzi angepita kuiona teksi.

"Umemwambia baba yako?" mama alimuuliza.

"Nimemwambia. Kanitazama tu."

"Haya, osha. Mimi simo."

Alianza na ndani. Aliyakung'uta mazulia ukutani mpaka akapiga chafya kama mbuzi. Chini ya viti alikuta vitana, kiatu cha mtoto na miwani ya abiria asiyejulikana. Dashibodi aliisugua kwa kitambaa chenye unyevu, na kwenye matundu ya upepo akapitisha mswaki mkuukuu. Alipomaliza milango na rimu, weupe wa gari ukaanza kujitokeza, naye akapata moyo. Akafungua boneti.

Lo! Vumbi na mafuta vilikuwa vimegandana kama lami, na vichwa vya betri vimeota unga mweupe. "Hapa dawa ni maji tu," alijisemea. Akafungua bomba lote, akaelekeza mpira kwenye injini.

"Wewe! Betri!"

Alishtuka, mpira ukamponyoka na kumlowesha mama aliyekuwa akianika nguo. Wote wawili wakageukia dirishani. Baba alikuwa amesimama, kashika nondo za dirisha.

"Chomoa... kwanza," alisema, akilitafuta kila neno. "Hasi. Halafu... funika..."

Mama alifumbua mdomo ammalizie. Binti akamkanyaga mguu.

"Funika umeme," baba akamaliza mwenyewe.

"Hasi ndiyo ipi, baba?" binti aliuliza, ingawa alama ya kutoa ilikuwa mbele ya macho yake.

Mara ukasikika mkongojo ukigonga sakafu ya ukumbini, pole pole, ukija nje.

Mama alimletea kiti, baba akakikataa, akaegemea bampa. Kwa kidole cha mkono wa kushoto alionyesha pa kufunika kwa mifuko ya plastiki: alternata inayochaji betri, kisanduku cha fyuzi. Binti akachomoa waya wa hasi, akafunika, akapaka sabuni ya kukata grisi, akaanza kusugua kwa vidole vyepesi.

"Unasuka nywele," baba alisema, "au unaosha injini?"

Mama alicheka mpaka akajishika kiuno. Miezi mingi nyumba ile haikuwa imesikia utani wa mzee.

Ilipofika zamu ya betri, baba alinyoosha mkono wa kulia aombe brashi. Ikamdondoka. Binti akainama kuiokota.

"Acha."

Aliiokota mwenyewe, ikamdondoka tena. Mara hii akaibana kwa vidole vya kulia, akavishikilia kwa kiganja cha kushoto, akasugua. Jasho lilimchuruzika puani. Unga mweupe ukapukutika kidogo kidogo, madini ya risasi ya vichwa vya betri yakaonekana. Binti alijifanya anakamua kitambaa. Alikuwa akifuta machozi.

"Baba, kesho anakuja mtu kuinunua."

"Aje. Anywe chai. Aende zake."

Betri ikapelekwa kuchajiwa. Wiki iliyofuata binti alikaa nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza maishani, baba kando yake, mama nyuma kakumbatia mkoba. Gari liliruka kama chura hadi njia kuu. Baba alifoka, akaelekeza, akasifu, akafoka tena, akisubiriwa kila neno analolitafuta. Waliporudi nyumbani sauti ilikuwa imemkauka, na alikuwa bado ana la kusema.