Mkono Ulioinuliwa Mlangoni

Nalala nikiwa nimekaa. Kiti ni kile cha plastiki cha chumba cha kubadilishia nguo, mlango uko wazi, na kupitia mlangoni nasikia mlio wa mashine inayofuata mapigo ya moyo wa mzee Ambilikile, ambaye tumempasua tumbo asubuhi na ambaye bado amelala kwa dawa niliyompa mimi mwenyewe. Mimi ni daktari wa usingizi. Nawapeleka watu huko kisha nawarudisha, na wengi hawajui kwamba kurudisha ndiko kugumu. Muuguzi Tupokigwe ameketi kando ya mzee, ameniambia nijinyooshe kidogo, ataniita mzee akianza kujigeuza. Leo, kabla ofisi hazijafungwa, mkurugenzi wa hospitali anataka jibu langu, kama nakubali kuwa mkuu wa idara, cheo ambacho mama yangu ameshawatangazia wenzake wa kwaya, na ambacho mume wangu Gwamaka anasema nimekitolea jasho. Gwamaka anasema pia, kwa upole tu, kwamba riwaya yangu inaweza kungoja. Nalifikiria neno hilo, kungoja, na namfikiria Nyamizi, mwanamke wa riwaya hiyo, niliyemwacha amesimama mbele ya mlango wa mama yake, mkono juu, tayari kubisha. Nilimwacha hapo mahindi yakiwa hayajafika magotini, na sasa yameshavunwa, na sijapata hata asubuhi moja ya kumpa. Mlio wa mashine unakwenda, unakwenda, unafifia, nami nainuka kitini na bado najiona nimekaa, natoka kwa mlango ambao jana haukuwepo.

Nje kuna barabara. Haina mwanzo, nikigeuka nyuma inaendelea vilevile kama mbele. Kushoto kuna mji na kulia kuna mji, na ni mji uleule, kila nyumba ya kushoto ina pacha wake kulia, dirisha kwa dirisha, kana kwamba barabara ni kioo kilicholazwa chini. Ila mji wa kushoto ni mweupe, unanukia dawa, watu wake wanakwenda haraka na wote wananijua, daktari njoo, daktari tazama hapa. Mji wa kulia ni mwekundu kwa vumbi na kimya, watu wake wamesimama pale walipokuwa. Mwanamume anamimina maji na maji yameganda hewani. Mbwa ameinua mguu mmoja. Msichana amefungua mdomo kuimba. Nawafahamu mmoja mmoja, ni mimi niliyewaacha hivyo, huyu kwa sababu ya zamu, yule kwa sababu ya mtihani wa ubingwa, na napita kati yao nikiwaomba radhi kwa sauti ya chini kama mtu anayepita mbele za watu kanisani. Kando yangu anatembea mtu aliyevaa joho la kijani la chumba cha upasuaji. Namtazama usoni na hana uso, ni ngozi laini tu kutoka kwenye paji mpaka kwenye kidevu, na sishangai, ndotoni mtu hashangai. Namuuliza barabara hii inafika wapi. Anasema barabara haifiki, wanaofika ni watu. Namwambia naona nimekuja kuchagua mji, basi anisaidie, nikae upi. Ananiuliza, Mtu ana mapafu mawili, anavuta pumzi kwa lipi? Nasema, Kwa yote mawili. Anasema, Basi jibu unalo, kilichokupotea ni swali.

Tunapinda upande wa kulia, au mji ndio unaotupinda, na pale mwisho wa uchochoro namwona Nyamizi. Ni yeye, mrefu kuliko nilivyomwandika, khanga kiunoni, viatu vimejaa matope ya safari, na mkono wake wa kulia uko juu, ngumi imekunjwa, imebaki nafasi ndogo tu kufikia ubao wa mlango. Yeye peke yake katika mji ule anaweza kusema. Umekuja, dada Sekela, anasema bila kugeuka, mkono umekufa ganzi. Nakishika kiwiko chake na kukiegemeza kwenye kiganja changu kama ninavyofanya kwa wagonjwa, na uzito wake wote unaniingia begani. Namwambia pole. Namweleza habari za zamu, za madaktari wachache, za watu wanaoletwa wakitoka damu, na yeye anasikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza sababu ambazo hazimhusu lakini ni za kweli. Kisha anasema, Sikulaumu. Nataka kitu kimoja. Mama akifungua, niseme nini? Nyamizi aliolewa na mtu ambaye mama yake alimkataa, akaondoka bila kuaga, hakuwahi kutuma hata salamu, na sasa amerudi bila mume na bila mzigo. Natafuta neno. Nimelitafuta tangu siku ile nilipomfikisha hapa. Yote niliyonayo ni maneno mazuri, ya msamaha na machozi, na nikiyaweka mdomoni mwake naona yanamkaa kama nguo ya kuazima. Sijui, namwambia. Naye anasema, Basi nishikilie tu.

Namshikilia. Nyuma yetu, kutoka mji mweupe, nasikia mlio wa mashine, na mlio unachelewa, unakuja, unachelewa zaidi. Naujua mlio huo hata nikiwa nimekufa. Nyamizi naye anausikia. Nenda, ananiambia. Nasema nikikuachia mkono utakuuma. Anasema, Utaniuma, lakini nitakuwepo. Yule wa kule anaishi kwa pumzi. Nauachia mkono wake polepole na nakimbia, navuka barabara, na mji mweupe unanifungukia ukumbi mmoja mkubwa usio na kitu isipokuwa kitanda, na juu ya kitanda yupo mzee Ambilikile, midomo imeanza kuwa na rangi ya jivu. Taya limelegea, ulimi umeangukia nyuma, ni jambo dogo na ni jambo linaloua. Naweka vidole chini ya taya na kulivuta mbele, na hewa inaingia kwa kishindo, kifua kinapanda, kinashuka, kinapanda. Nabaki hapo. Sijui nabaki kwa muda gani, na kwa mara ya kwanza sihisi kwamba kuna mahali pengine nilipotakiwa kuwa, mikono yangu iko hapa na mimi niko hapa. Rangi inarudi. Mzee anafungua macho, lakini hanioni, anamwona mtu aliye juu ya bega langu, na kwa sauti ya mtoto aliyetoka kuchunga anasema, Mama, nimerudi. Usiniulize kwanza. Nina njaa. Kisha analala tena, usingizi wa kawaida, wa kwake mwenyewe.

Nasimama na maneno yale mdomoni. Nageuka kukimbia na barabara imekuwa pana, miji imebadilishana pande, mwekundu uko kushoto na mweupe uko kulia, na kila uchochoro una mlango unaofanana na mwingine. Nayarudia maneno kama mtoto aliyetumwa dukani, nimerudi, usiniulize kwanza, nina njaa, na kila ninaporudia yanataka kubadilika, yanataka kuwa mazuri zaidi, nayakataza. Asiye na uso yuko kando yangu tena. Namwomba anishikie neno moja hata, nisije nikaliangusha. Anasema, Mimi nitalishika kwa mdomo gani? Basi nayabeba yote peke yangu mpaka namfikia Nyamizi, jasho likimtiririka kwenye mkono ulioinuliwa, na namnong'oneza sikioni. Anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeonyeshwa kitu kilichokuwa mfukoni mwake, na mkono unashuka, unabisha. Nyuma yetu maji yanamwagika kwenye ndoo, mbwa anaweka mguu chini, msichana anaanza wimbo. Mlango unafunguliwa. Mama mtu ni mfupi, ana mwiko mkononi, na kutoka ndani inakuja harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Mama, nimerudi, anasema Nyamizi. Usiniulize kwanza. Nina njaa. Mama anamtazama kuanzia kichwani mpaka chini, na anasema, Viatu acha nje, vina matope.

Daktari. Ni Tupokigwe, ananigusa bega. Mzee ameamka, anasema, anapumua vizuri, taya lilimlegea kidogo nikalivuta. Naenda kumwona. Namuuliza Tupokigwe kama mzee amesema neno lolote, anasema hakuna, ameomba maji tu. Naweka mkono kwenye paji la uso la mzee, namwamkia, Shikamoo baba. Marahaba, anasema kwa sauti iliyokwaruzwa na mrija wa kupumulia, kisha ananivuta karibu na kuniuliza, Amefunguliwa mlango? Namuuliza, Nani, baba? Lakini ameshafumba macho, na uso wake umetulia.

Nakwenda kwa mkurugenzi. Namwambia nashukuru, na kwamba cheo hicho apewe Dokta Lugano, ambaye anakitaka na atakiweza, na kwamba mimi nitaendelea na wagonjwa wangu kama kawaida, ila Jumamosi asubuhi nisipangiwe. Anashangaa. Anauliza kama naumwa, kama nyumbani kuna tatizo. Nasema, Kuna watu nimewaacha wamesimama. Ananitazama sana, halafu anachukua kalamu na kusema ataandika kwamba ni sababu za kifamilia. Namwambia hajakosea. Natoka, na tayari namwona mama yangu akiwaeleza wanakwaya, na inaniuma, na natembea. Ukumbi wa hospitali leo ni mrefu, milango yake inafanana, na watu ninaopishana nao wamevaa barakoa, sioni nyuso. Nasimama dirishani penye jua na kujifinya juu ya kifundo cha mkono, nijue kama nimeamka, kama ninavyowafinya wagonjwa kujua ganzi imefika wapi. Nahisi. Lakini nahisi kwa mbali, kama anayefinywa yuko chumba cha pili.