Vipimo Arobaini na Kimoja

Kwa miaka kumi na mmoja, kila wiki, mtafiti ambaye wenzake walimwita Mama Vipimo aligeuza antena ya darubini ya redio kuelekea galaksi moja ya mbali. Katikati yake kuna shimo jeusi kubwa ajabu, na kando ya shimo hilo hufyatuka mkondo wa chembe unaokwenda kasi karibu sawa na mwanga. Mkondo huo hautulii. Mara unawaka, mara unafifia. Yeye alipima unawaka kiasi gani.

Profesa, mkuu wa kitengo, alitangaza kwamba mkondo huwaka kila baada ya miaka minne, kama saa. Makala ikaandikwa, jina la Mama Vipimo likiwa la pili. Alipoletewa nakala ya mwisho aipitie, aliona mstari wa mchoro wa mwako umelala kimya mwaka wa saba, mwaka ambao kwa hesabu ya Profesa mkondo haukupaswa kuwaka. Mwaka huo alikuwa na mimba ya kitinda mimba wake, anapanda ngazi za antena huku akitapika, na mkondo uliwaka karibu miezi kumi. Akahesabu. Vipimo arobaini na kimoja havikuwepo.

Alimkuta Profesa ofisini anakula yai la kuchemsha juu ya kurasa zilezile. Profesa akadai vipimo hivyo vilikuwa vibovu, pengine mvua ilivuruga mitambo. Mama Vipimo akamkumbusha kwamba kila mara alipima pia galaksi nyingine isiyobadilika, na hiyo haikutikisika hata kidogo, kwa hiyo mitambo ilikuwa mizima.

"Nimesafisha tu, binti yangu," Profesa alisema, kiini cha yai kimemganda pembeni mwa mdomo. "Nani atakaa kuhesabu?"

"Nimehesabu mimi."

Akatoka, akimwonea kinyaa. Lakini kilichomtia kinyaa zaidi ni yeye mwenyewe, maana alinyamaza siku mbili nzima, roho ikimvuta kwenye lile jina la pili. Siku ya tatu akaisukuma sahani mbali. Mumewe akamuuliza ana nini.

"Nanuka," alijibu.

Akawaandikia wahariri wa jarida, akaambatanisha vipimo vyote.

Makala ikaondolewa. Profesa akabaki na kiti chake, akaambiwa tu awe mwangalifu. Wenzake wawili wakamfuata Mama Vipimo kwenye korido kumpongeza kwa sauti ya chini, wakakiri kwamba wao walijua tangu mwaka jana kuwa vipimo vimefutwa. Mmoja akanyoosha mkono.

Aliutazama ule mkono uliolowa jasho, akaupita. Akaingia msalani, akafunga mlango, akatapika.