Shule ya Nadège Siku ya Ville Morte

Binti yangu Nadège ana kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa fahari kwa sababu amekirithi kwangu. Aliacha kazi nzuri ya kutengeneza programu za kompyuta katika kampuni moja ya Butembo, akarudi hapa Beni, mtaani kwetu Beu, akafungua shule yake mwenyewe kwenye mtandao. Wanafunzi wake ni watu wazima, watengenezaji wa programu kama yeye, wanaotaka kuijua kazi yao zaidi. Wako Bukavu, Kisangani, Lubumbashi. Shule haina benchi wala paa. Ina meza yangu ya kulia chakula.

Kwa majuma kadhaa aliwafundisha bure ili wamjue. Siku ya mwisho ndiyo wangeamua: wajiandikishe kwa mwaka mzima au wamwache. Basi siku hiyohiyo vijana wa mtaa wakatangaza ville morte. Waasi walikuwa wameua watu tena mashambani, na mji mzima ulifunga ili kuomboleza na kudai usalama: maduka, soko, shule, hata pikipiki. Mimi maharagwe yangu ya kuuza sikuyatoa. Nadège akawasha jenereta ili afundishe.

"Mama, mimi sina duka," aliniambia. "Nani ataniona?"

Nani atamwona! Jenereta ile inasikika mpaka kanisani. Haukupita muda, Kakule na wenzake, vijana wanaosimamia ville morte, wakawa mlangoni na mawe mkononi.

"Batu banalia bafu yabo benye baliuawa, ninyi munafanya commerce?" Kakule alifoka.

"Hapana commerce. Niko nafundisha," Nadège alijibu.

Kakule akaingia, akainamia skrini ya kompyuta. Nyuso za wanafunzi zilikuwa zinamtazama. "Bale banajua ile inafanyika huku?"

Binti yangu akanivuta kando, akaniambia ukweli. Kwenye tangazo lake alikuwa ameandika kwamba yuko Kinshasa. Aliona hakuna atakayemwamini mwalimu wa Beni, mji ambao redio huutaja kwa habari za maiti tu. Nilikasirika, na palepale nikamhurumia.

"Nikibaambia, batanikimbia," alininong'oneza.

"Bakukimbie basi," nikasema. "Mais leo hapana kukana kwenu."

Akaketi sawasawa, akafungua sauti. Aliwaambia yuko Beni, si Kinshasa. Kwamba mji umefunga kwa ajili ya wafu wake, na yeye peke yake ndiye aliyefungua. Sauti yake haikutetemeka. Nilimpenda pale kuliko siku niliyomzaa.

Uso mmoja ukatoweka kwenye skrini, kisha mwingine, kisha wengi kwa pamoja. Nadège akashika ukingo wa meza. Akabaki mwanafunzi mmoja tu, Bénite wa Bukavu.

"Madame, tumeandikiana sisi wote," Bénite alisema. "Leo na sisi tunafunga, pamoja na ninyi. Kesho tutakuja kujiandikisha. Mais ile tangazo uitengeneze. Uandike Beni."

Nadège akalia, na mimi nikalia. Kakule alikuwa ameyaweka mawe yake juu ya meza yangu safi, wala sikumgombeza.

"Madame Directrice, zima groupe," alisema taratibu, akiionyesha jenereta. "Ma-shule yote ya Beni imefunga leo. Ya kwako pia ifunge."