Mkwe Nyuma ya Mlango

Mwenye nyumba anayetaka kumfukuza mpangaji ana njia nyingi, lakini Maige wa mtaa wa Pasiansi alichagua ya kijinga kuliko zote: aling'oa mlango. Modesta, fundi cherehani, alirudi kutoka sokoni akamkuta mbuzi wa jirani chumbani kwake, anatafuna shati la mteja bila wasiwasi wowote.

"Nakitaka chumba, dada," Maige alisema, mlango ameuegemeza kwenye ukuta wa chumba chake, ng'ambo ya ua. "Naweka vifaranga."

Kodi ilikuwa imelipwa hadi Desemba. Lakini chumba kisicho na mlango ni kibaraza tu, na cherehani ile ndiyo iliyomlisha Modesta na wanawe. Ikiibwa, wamekwisha. Akawa analala ameifunga kwa kamba mguuni.

Jirani akamwelekeza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, wanakohudumia wapangaji bure. Modesta hakuliamini hilo neno bure, akaenda na sato kwenye mfuko. Msaidizi wa kisheria, mama Sabina, akamrudishia samaki wake.

"Kapikie watoto," alisema. "Kumtoa mpangaji bila amri ya baraza la ardhi na nyumba ni kosa. Ila tuanze kwa kuwapatanisha. Mwenye nyumba ni nani?"

"Maige."

"Maige wa Pasiansi? Huyo kamuoa binti yangu Queen! Kama unaogopa nitampendelea, yupo mwenzangu wa Misungwi, anakuja wiki ijayo."

"Wiki ijayo mbuzi atakuwa amemaliza nguo zote, mama. Twende."

Balaa likaanza hapo. Maige, pamoja na jeuri yake yote, ni Msukuma aliyelelewa na bibi yake kijijini Bujora, na kwake mama mkwe si mtu wa kutazamana naye uso kwa uso. Wakikutana njiani yeye hupisha, hata kama kupisha kwenyewe ni kuingia mtaroni. Aliposikia hodi ya Sabina, alitoroka kwa kuruka dirishani. Mara ya pili alijifungia chooni mpaka wapangaji wakamgongea kwa uchungu. Mara ya tatu alijikunja kwenye banda la kuku, akatoka na manyoya masikioni.

Modesta alicheka, kisha akalia. Malalamiko yangeweza kupelekwa barazani, sawa, lakini kesi huchukua miezi, na wezi hawana subira hiyo.

Jumamosi Sabina aliingia uani bila hodi. Maige akaangaza huku na huku: chooni kuna mtu, dirisha liko mbali. Akakamata kitu kilichokuwa karibu, akajificha nyuma yake. Kilikuwa mlango wa Modesta.

"Shikamoo mama," mlango ulisema ukitetemeka.

"Marahaba, mwanangu. Sasa tunaweza kuongea." Sabina naye aligeuza uso pembeni, kwani adabu anaijua. "Lakini juani sikai. Mimi naingia kwa Modesta, wewe simama pale kwenye fremu, tuongee kwa heshima."

Mlango ukaanza kutembea. Chini yake ilionekana miguu ya Maige, ndala moja ikabaki njiani, na wapangaji wote wakatoka nje kushangilia. Alipoufikisha kwenye fremu, Sabina alimsomea sheria tangu mwanzo hadi mwisho, taratibu, bila haraka hata kidogo.

"Atakaa mpaka mkataba wake uishe?"

"Ndiyo mama."

"Na hutamsumbua?"

"Ndiyo mama. Yaani, hapana mama. Mikono inachoka, mama."

"Basi funga bawaba upumzike."

Modesta, aliyekuwa ndani na Sabina, akampitishia bisibisi chini ya mlango. Maige alikaza skrubu zote huku jasho likimtiririka, akimwomba Mungu mlango usifunguke. Modesta akazungusha ufunguo kwa ndani, kitasa kikashika. Akafungua kamba mguuni, akakaa sakafuni na kulia kwa furaha mbele ya mgeni, bila aibu.

"Mama," Maige aliita kwa unyenyekevu kutoka nje, "unakaribia kutoka, ili nikimbie?"

"Bado. Mpangaji wako ndiyo kwanza anabandika chai."