Taa Nyekundu ya Fundi Miwani

Kila asubuhi fundi miwani alisimama na baiskeli yake kwenye taa za njia panda, mguu mmoja chini, kofia ngumu imefungwa barabara kidevuni, akingoja nyekundu iondoke hata kama njiani hakuna paka. Alinyoosha mkono kabla ya kukata kona. Aligonga kengele kumpita mtu aliyekuwa ng'ambo ya pili. Wenye haraka zao walimwita Kanuni, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Mwenzake wa karakana, aliyesaga vioo meza ya jirani, aliitwa Chapuchapu. Huyu nyekundu aliiona ni pambo la mji. Aliipita kwa baiskeli isiyo na breki huku akipiga mluzi, akampungia askari wa trafiki, na askari akampungia. Alifika kazini akakuta chai ya moto na tajiri wao ana hamu ya mazungumzo. Kanuni alipofika, alikuta vikombe vya kuosha. Alimwonea donge kila siku ya Mungu. Si kwamba alimtakia mwenzake mauti. Alitaka tu, walau mara moja, aanguke mbele ya watu.

Juma hilo tajiri alitangaza kwamba miguu imemchosha. Ijumaa, saa ya chai, angemkabidhi mmoja wao ufunguo wa karakana, na huyo ndiye angekuwa msimamizi. Kanuni aliutaka ufunguo ule mpaka akauota. Kazi yake ilikuwa safi, hakuna mteja aliyewahi kumrudishia miwani, na tajiri mwenyewe alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

Ijumaa asubuhi Chapuchapu alimpita kwenye nyekundu kama kawaida, akageuza shingo.

"Kanuni! Nikuwekee chai?"

Wivu ulimpanda kichwani. Akakanyaga pedali.

Filimbi ililia kabla gurudumu la nyuma halijavuka mstari.

"Afande, mbona huyo aliyetangulia hukumsimamisha?"

"Yule ndivyo alivyo," alisema askari kwa huzuni. "Wewe nilikuwa nakutegemea."

Askari alipanda ngazi, akaifungua taa nyekundu kutoka kwenye nguzo, akamtundikia Kanuni kifuani. Haikuwa na waya na iliendelea kuwaka, ina uvuguvugu kama chupa ya mtoto.

"Itatoka lini?" aliuliza Kanuni.

"Ikibadilika."

Kanuni alishukuru, akakunja kola ya shati isiizibe taa, akaendelea na safari. Kwenye nguzo zilibaki njano na kijani, kwa hiyo tangu saa ile Chapuchapu hakuvunja tena sheria yoyote.

Njia nzima magari yalisimama mbele yake. Karakanani wateja walisimama mlangoni na risiti zao. Saa ya chai tajiri alitoka ofisini, ufunguo mkononi, uso umechangamka, akamwendea Kanuni moja kwa moja. Zilipobaki hatua mbili, alisimama.

"Hongera, mwanangu," alianza, akangoja.

Kanuni alisogea. Tajiri alirudi nyuma kadiri ileile. Walizunguka meza ya kusagia namna hiyo mpaka chai ikapoa.

"Bado tu?"

"Bado, tajiri. Nirushie basi, nitaudaka."

"Ufunguo haurushwi, mwanangu. Unatiwa mkononi. Na mimi si mtu wa kupita kwenye nyekundu, wanijua." Alitazama huku na huku kama aliyekosa njia, akageukia upande ambao haukuwa na kizuizi. Chapuchapu alikuwa amesimama hapo na mkono ukiwa wazi.

Jioni mkewe Kanuni alisimama kwenye mlango wa sebule alimoketi mumewe, sahani ya chakula mikononi, watoto nyuma yake wamejipanga. Wanandoa hawa walipendana kwa jambo moja: wote wawili walijua kungoja zamu.

"Mume wangu, hapa ndipo ninapokomea," alisema.

"Naona. Usijilaumu."

Chapuchapu aliingia bila hodi, ufunguo unaning'inia shingoni.

"Shemeji, unangoja nini chakula kikipoa?"

Aliipokea sahani. Vidole vyao vilikutana chini yake, na mkewe akacheka, kicheko ambacho Kanuni alikuwa amekisahau. Kisha Chapuchapu akaipita nyekundu kama alivyoipita maisha yake yote, akamwekea Kanuni sahani mapajani, akamkumbatia mpaka taa ikalia kwa kubanwa.

"Kaka, usinione vibaya. Nitakuwa napita kila siku."

"Uje mapema, shemeji," alisema mkewe kutoka mlangoni.

Kanuni alitaka kumchukia kwa nguvu zake zote. Lakini siku nzima hakuna mkono mwingine uliomgusa, na roho ilimuuma zaidi kwa kuwa ule mkono ulikuwa na joto. Alimega tonge, akaumeza wivu pamoja nalo.

"Shemeji, hebu muulize chumvi imekolea?" aliita mkewe.

Chapuchapu akamuuliza.

"Imekolea," alisema Kanuni, na Chapuchapu akaenda kumwambia.